Je, Wajua? Bakteria Anayengoja Majirani Wafe

Je, wajua kwamba dawa iliyomponya mgonjwa jipu inaweza kumrudisha wodini kwa ugonjwa mbaya kuliko jipu lenyewe?

Mwaka 1974, katika Hospitali ya Barnes mjini St. Louis, Marekani, Daktari Francis Tedesco na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 200 waliopewa klindamaisini. Hiyo ilikuwa antibiotiki iliyosifiwa sana wakati ule, kwa sababu iliwamudu bakteria wa tumboni ambao dawa nyingi za zamani zilishindwa nao. Kati ya wagonjwa hao, 42 waliharisha. Kuhara peke yake kusingemshtua mtu. Lakini madaktari walipochungulia ndani ya utumbo mpana kwa kifaa maalumu, wagonjwa 20 walikutwa na mabaka ya manjano ukutani mwa utumbo, mengine yameungana yakawa utando mzima. Ni mgonjwa mmoja katika kila kumi. Watu wakaanza kuuliza kama dawa yenyewe ni sumu.

Aliyelifumbua fumbo hilo, pamoja na wenzake, ni daktari ambaye jina lake ni nadra kutajwa huku kwetu: John G. Bartlett. Alizaliwa mwaka 1937 huko Syracuse, jimbo la New York, akatumikia jeshi kama daktari wakati wa vita vya Vietnam, kisha akajikita katika magonjwa ya kuambukiza. Alikuwa daktari wa wodini na papo hapo mtu wa maabara, na hiyo ndiyo sababu namwandika. Alichokiona kitandani kwa mgonjwa alikwenda nacho kwenye chupa za vioo na vizimba vya wanyama, na jibu akalirudisha kitandani.

Je, wajua kwamba maadui wengi wa hospitalini ni wenyeji wa miili yetu?

Neno "nyemelezi" wengi wetu tulilizoea kwenye mafundisho ya UKIMWI. Tuliambiwa kwamba kinga ikishuka, magonjwa nyemelezi huingia: kifua kikuu, utando mweupe mdomoni, homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Ni kweli, ila nyemelezi hangoji VVU peke yake. Mshono wa upasuaji, jeraha la moto, mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, dawa za saratani, mlevi aliyepaliwa na matapishi yake usingizini: kila kimojawapo ni upenyo. Na mara nyingi anayepenya hakutoka mbali. Alikuwa mdomoni, kwenye ngozi au tumboni tangu zamani, akiishi bila kumdhuru mwenye mwili.

Bartlett alianzia hapo. Alipokuwa Los Angeles alijifunza kwa Sydney Finegold, bingwa wa bakteria wasiostahimili hewa. Hao ni viumbe ambao oksijeni tunayoivuta sisi huwaua, hivyo maabara ya kawaida haiwaoni: sampuli ikifunguliwa mezani, wanakufa kabla ya kupandwa. Kwa miaka mingi madaktari waliletewa majibu ya "hakuna kilichoota" kutoka kwenye usaha uliokuwa ukinuka vibaya kabisa. Harufu ile ilikuwa ya bakteria wenyewe. Bartlett na Finegold walitumia mbinu ya kuvuta majimaji moja kwa moja kutoka kwenye koo la pumzi, wakapita chini ya mdomo wenye uchafu wake, na wakaonyesha kwamba majipu ya mapafuni kwa watu waliopaliwa hujaa bakteria wa kwenye fizi. Mtu mwenye meno yaliyooza akilewa hadi kupoteza fahamu anaweza kuuvuta mdomo wake mzima kifuani.

Je, wajua kwamba kifo na jipu vinaweza kuletwa na bakteria wawili tofauti katika tumbo lilelile?

Jaribio hili nalipenda kuliko yote, na sioni sababu ya kulipitia haraka.

Utumbo ukitoboka, kwa kisu, risasi au kidole tumbo kilichopasuka, kinyesi humwagika ndani ya tumbo. Humo mna mamia ya aina za bakteria. Daktari afanye nini? Awaue wote, au yupo mmoja aliye kiongozi wa uharibifu? Bartlett akiwa na Sherwood Gorbach, Andrew Onderdonk, Weinstein na wengine, walichukua uchafu wa utumboni mwa panya waliolishwa nyama, wakautia kwenye vidonge vya jelatini, na kuupandikiza kwa upasuaji ndani ya matumbo ya panya wazima. Panya walilishwa nyama ili bakteria wao wafanane zaidi na wa binadamu.

Ugonjwa ukaja kwa awamu mbili. Kwanza tumbo lote liliwaka, damu ikaingiliwa na bakteria, na panya 37 kati ya kila 100 wakafa. Walionusurika walionekana kupona, kumbe wote, asilimia 100, walikuwa wakiota majipu ndani.

Kisha wakatibiwa. Waliopewa jentamaisini, dawa inayowaua bakteria wa jamii ya E. coli lakini haiwagusi wasiostahimili hewa, vifo vilishuka hadi asilimia 4, ila asilimia 98 ya walioishi wakapata majipu. Waliopewa klindamaisini, inayofanya kinyume chake, walikufa asilimia 35, karibu sawa na wasiotibiwa kabisa, lakini majipu yakabaki kwa asilimia 5 tu ya walionusurika. Waliopewa dawa zote mbili, vifo vikawa asilimia 7 na majipu asilimia 6.

Tazama jinsi tarakimu hizo zinavyosema. Anayeua mapema ni mmoja, anayejenga jipu baadaye ni mwingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1975, na desturi ya kumpa mgonjwa wa tumbo lililotoboka matibabu yanayoyagusa makundi yote mawili imesimama juu ya ushahidi wa namna hiyo. Hospitali zetu nazo hufanya vivyo hivyo: mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kidole tumbo kilichopasuka huwekewa sindano ya aina moja, kisha chupa ya metronidazo, na ndugu walioketi pembeni hudhani zote ni dawa ya kitu kimoja.

Lakini angalia pia dawa iliyozuia majipu vizuri hivyo. Ni ileile klindamaisini iliyokuwa ikiwatia wagonjwa wa St. Louis utando wa manjano. Bartlett hakuweza kuipuuza habari ile. Ilihusu silaha aliyokuwa ameithibitisha kwa mikono yake.

Je, wajua kwamba fumbo la utando wa manjano lilifunguliwa na hamsta?

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Mwaka 1893, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, daktari wa upasuaji John Finney alieleza habari za mwanamke kijana aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, akaanza kuharisha siku kadhaa baadaye, akafa. Maiti ilipochunguzwa, utumbo ulikuwa na utando. Antibiotiki hazikuwapo duniani wakati huo. Zilipokuja, visa viliongezeka, na katika miaka ya 1950 lawama akatupiwa bakteria wa usaha, Staphylococcus. Wagonjwa walinyweshwa vankomaisini kumuua huyo, na wengi wakapona, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuliza zaidi. Dawa ilikuwa sahihi, mshtakiwa siye.

Hamsta ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, anayefugwa Ulaya na Marekani kama kipenzi. Ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1960 kwamba ukimpa dawa za jamii ya klindamaisini, hata kiasi kidogo, utumbo wake huvuja damu na hufa katika muda wa siku chache. Bartlett, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Tufts mjini Boston, aliona kwamba hapa kuna ugonjwa wa binadamu ndani ya kizimba. Kama ni dawa inayoua, basi uchafu wa utumbo wa hamsta aliyekufa usingemdhuru mwingine asiyepewa dawa. Ulimdhuru. Uchafu huo ulichujwa kwa chujio lisilopitisha bakteria, na bado majimaji yaliyopita yalileta ugonjwa. Palikuwa na sumu, na sumu lazima iwe na mwenyewe.

Mwenzake Te-Wen Chang, mtaalamu wa virusi, aliweka majimaji ya choo cha wagonjwa juu ya seli zilizokuzwa maabarani. Seli zilinywea, zikawa duara. Hapo ndipo ungedhani ni virusi. Lakini dawa ya kuzima sumu za jamii ya Clostridium, iliyotayarishwa dhidi ya bakteria mwingine kabisa aitwaye Clostridium sordellii, ilizizuia seli zisinywee. Kwa muda sordellii akawa mshukiwa mkuu, ingawa kila alipotafutwa kwenye choo hakuonekana. Aliyeonekana alikuwa binamu yake aliyesahauliwa, Clostridium difficile, ambaye sumu yake inafanana na ya sordellii kiasi cha kuzimwa na dawa ileile.

Makala ya hamsta ilitoka mwaka 1977, na ya wagonjwa ikafuata mwaka 1978 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti wa Uingereza walikuwa wakifika mahali hapohapo wakati huohuo, na haki yao wapewe. Sumu yenyewe ni mbili, zikaitwa A na B. Zote mbili huharibu protini zinazoshikilia umbo la seli za ukuta wa utumbo, ndiyo maana seli hunywea, ukuta huvuja, na chembe za damu zilizokufa pamoja na kamasi hujikusanya kuwa ule utando.

Kwa nini basi antibiotiki imwite? Utumboni mna majirani chungu nzima, na baadhi yao huibadilisha nyongo inayoshuka kutoka ini. Nyongo mbichi humwamsha difficile kutoka usingizini. Nyongo iliyobadilishwa na majirani humzuia asikue. Antibiotiki ikiwafagia majirani, nyongo hubaki mbichi, chakula hubaki bila mlaji, na yeye ambaye dawa haikumpata huamka akiwa peke yake.

Miaka miwili baada ya makala ile, mwaka 1980, Bartlett aliitwa kuongoza idara ya magonjwa ya kuambukiza ya Johns Hopkins, hospitali ileile ya yule mwanamke wa 1893. Aliiongoza hadi mwaka 2006.

Je, wajua kwamba watoto wachanga humbeba bakteria huyu bila kuugua?

Waliomtambua kwanza hawakuwa wakitafuta ugonjwa. Mwaka 1935 Ivan Hall na Elizabeth O'Toole walichunguza choo cha watoto wachanga wenye afya ili wajue ni bakteria gani wanaotangulia kuingia kwenye utumbo wa mwanadamu. Walimkuta huyu. Walipoidunga sumu yake kwenye wanyama, wanyama wakafa, lakini watoto wenyewe walikuwa wakinyonya na kunenepa. Kwa kuwa hakuhusishwa na ugonjwa wowote, alikaa kwenye vitabu zaidi ya miaka arobaini bila kushtakiwa. Mpaka leo daktari mwangalifu haharakishi kumpima mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu kumkuta hakumaanishi kwamba ndiye anayemharisha.

Je, wajua kwamba penisilini ingeweza kutupwa kwa sababu ya simbilisi?

Tarehe 25 Mei 1940, Howard Florey na timu yake pale Oxford waliwaambukiza panya wanane bakteria wa kuua, wakawatibu wanne kwa penisilini. Wanne waliotibiwa waliishi. Wengine wakafa kabla ya asubuhi. Miaka mitatu baadaye, huko Marekani, Dorothy Hamre na wenzake waliwapa simbilisi penisilini, na simbilisi wakafa. Wangekuwa simbilisi walioko mezani pale Oxford siku ile, dawa iliyookoa mamilioni ingeandikwa kuwa sumu. Baada ya kazi ya Bartlett, watafiti walirudi kwa simbilisi wanaokufa kwa penisilini na kumkuta Clostridium difficile kwenye matumbo yao. (Hamre huyo ndiye aliyekuja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutenga virusi vya korona vya binadamu, katika miaka ya 1960. Maabara zina watu ambao historia huwapita mbio mno.)

Je, wajua kwamba dawa ya kumtibu ilitoka kwenye udongo wa msituni Borneo?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mmisionari mmoja alituma udongo wa Borneo kwa kampuni ya Eli Lilly, na ndani yake kukapatikana kiumbe kinachotengeneza vankomaisini. Shehena za mwanzo zilikuwa na rangi ya tope hata wataalamu wakazibatiza jina la matope ya Mississippi. Iliidhinishwa mwaka 1958. Klindamaisini nayo ina asili ya udongo: mama yake, linkomaisini, alitoka kwenye ardhi ya Lincoln, Nebraska.

Jambo lenye faida katika vankomaisini ni lile ambalo kwa dawa nyingine lingekuwa kasoro. Ukiimeza, karibu yote hubaki utumboni bila kuingia kwenye damu. Kwa ugonjwa wa damu ni lazima idungwe mshipani. Kwa difficile inamezwa, ikafika hasa alipo. Bartlett aliwapa hamsta wake vankomaisini na hawakufa, muda wote walipokuwa wakinywa. Alipoiacha, wakafa. Hamsta wale walikuwa wamekwisha kuonyesha tatizo ambalo wagonjwa wangekuja kulithibitisha: ugonjwa hurudi. Dawa humuua bakteria aliye macho, lakini haimuui aliyejifungia ndani ya spora.

Je, wajua kwamba kitakasa mikono hakimuui?

Spora ni ganda gumu ambalo bakteria hujivika hali ikiwa mbaya. Huvumilia ukavu, joto, oksijeni na asidi ya tumbo, na huweza kukaa miezi juu ya reli ya kitanda au mpini wa mlango. Alkoholi inayowaua bakteria wengi kwa sekunde chache haiipenyi. Kwa hiyo muuguzi aliyemhudumia mgonjwa wa namna hii anatakiwa kunawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, ambayo haiui spora bali huiondoa mkononi na kuipeleka kwenye bomba. Kitanda na choo hupigwa klorini, ile tunayoinunua dukani kwa kufulia nguo nyeupe. Wodi isiyo na maji ya bomba haina mbadala wa kweli wa hatua hiyo, hata ikijaza kitakasa kwenye kila ukuta.

Wauguzi wazoefu husema humjua mgonjwa wa difficile kwa harufu kabla majibu hayajatoka. Madaktari wa Uholanzi walilichukua jambo hilo kwa uzito. Pale Amsterdam walimfundisha mbwa mmoja aina ya beagle, jina lake Cliff, akae chini au alale akinusa bakteria huyu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kwenye sampuli za choo alizitambua zote 50 zenye bakteria, na kuziacha zote 50 zisizo naye. Alipopitishwa wodini, akinusa hewa tu kando ya vitanda, alitambua wagonjwa 25 kati ya 30, na kati ya watu 270 wasio na ugonjwa aliwapita 265 bila kusimama. Kazi ambayo maabara huifanya kwa saa nyingi, yeye aliimaliza kwa matembezi.

Je, wajua kwamba UKIMWI ulimkuta Bartlett akiwa tayari?

Alihamia Baltimore mwaka 1980. Mwaka uliofuata Marekani iliripoti wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI. Hospitali nyingi zilisita. Watu waliogopa hata kuingiza sinia la chakula kwenye chumba cha mgonjwa. Bartlett alifungua huduma maalumu kwa ajili yao mapema katika muongo huo, na Johns Hopkins ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya tiba hiyo. Alikuwa amekwisha kutumia miaka kumi na kitu akichunguza jinsi viumbe wapole wanavyogeuka wauaji mwili ukipungukiwa na ulinzi, na sasa wakawepo maelfu ya wagonjwa ambao hilo ndilo lililowaua.

Kitabu chake cha mwongozo wa tiba ya VVU kilitolewa upya mara kwa mara, na dawa mseto zilipokuja, yeye na Anthony Fauci walikuwa wenyeviti wenza wa jopo lililoandika mwongozo wa taifa wa Marekani wa kuzitumia, uliochapishwa mwaka 1998. Na yule bakteria wa hamsta hakuwa mbali. Uchunguzi wa Marekani uliofuatilia watu wenye VVU kuanzia mwaka 1992 hadi 2002 ulimkuta Clostridium difficile akiongoza miongoni mwa bakteria waliowaharisha. Sababu inaeleweka: ni watu waliokuwa wakilazwa mara kwa mara na kunywa antibiotiki miezi kwa miezi.

Je, wajua kwamba yuko Mwanza na Nairobi pia?

Watafiti wa Mwanza wamemtenga kutoka kwa wagonjwa wa kuhara, na wa Nairobi wamemkuta kwa wagonjwa waliolazwa, akiwa na usugu dhidi ya dawa kadhaa. Tatizo letu ni kumtafuta. Kumwotesha kunahitaji vyombo visivyoingiza oksijeni, na zahanati nyingi hupima choo kwa darubini tu, zikitafuta amiba na minyoo. Asiyetafutwa haandikwi, na asiyeandikwa hubaki kudhaniwa kuwa ugonjwa wa Wazungu wazee.

Fikiria mtu anayeharisha, anayekwenda duka la dawa na kupewa pamoja dawa ya amiba na ya taifodi, Flagyl na siprofloksasini, bila kipimo. Flagyl, yaani metronidazo, kwa miaka mingi ilikuwa tiba ya kawaida ya difficile, ingawa miongozo ya karibuni imeishusha nyuma ya vankomaisini. Siprofloksasini ni ya kundi lililochangia mlipuko mkubwa wa jimbo la Quebec, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako aina ya difficile iliyokuwa sugu kwa kundi hilo ilienea hospitali baada ya hospitali. Kwenye karatasi moja ya kufungia, mteja amepewa dawa inayoweza kumzuia bakteria huyu na nyingine inayomfungulia mlango.

Sisemi watu waogope antibiotiki. Homa ya mapafu ya mtoto haingoji falsafa. Lakini kuhara kunakoanza siku au wiki kadhaa baada ya dozi kumalizika kuna habari ndani yake, na mganga hataijua asipoambiwa ni dawa gani zilimezwa miezi miwili mitatu iliyopita. Marekani, ambako hupimwa, ilikadiriwa kwamba mwaka 2011 pekee watu karibu nusu milioni waliugua, na 29,000 hivi wakafa ndani ya siku 30 tangu kugunduliwa.

Je, wajua kwamba kinyesi cha mtu mwenye afya ni dawa iliyoidhinishwa?

Kama shida ni kuondoka kwa majirani, kuwarudisha kungekuwa tiba. Daktari wa upasuaji Ben Eiseman wa Denver alifanya hivyo mwaka 1958, miaka ishirini kabla ya bakteria huyu kujulikana kuwa ndiye chanzo: wagonjwa wanne waliokuwa hoi kwa utando wa utumbo waliingizwa kinyesi cha watu wenye afya kwa njia ya haja kubwa, na wakapona upesi. Wengi walikunja pua na jambo likaachwa.

Jaribio lililowafumba watu midomo lilifanyika Amsterdam na kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia walimiminiwa maji ya kinyesi cha mtu mwingine kwa mpira uliopitishwa puani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Baada ya mara moja tu, 13 kati ya 16 walipona. Kwa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Bartlett alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 83. Novemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo, ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, na Aprili 2023 ikaidhinisha ya kumeza, inayoitwa Vowst: vidonge vinne kwa siku, siku tatu mfululizo, kabla ya chakula cha kwanza. Kuvitengeneza, kinyesi cha wachangiaji waliopimwa husafishwa kwa alkoholi. Wadudu wa hatari hufa, na bakteria laini hufa nao. Wanaobaki ni majirani wale ambao, kama difficile mwenyewe, wanajua kujivika spora.